Mkono wa Kofia Pana

Kwa Bashir, mfanyabiashara wa ngozi,
Sanduku la Posta 61,
Kitale.
14 Agosti, 1955

Mpendwa Baba Mdogo Jotham,

Mulembe. Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi Agneta, binti wa kwanza wa kaka yako Wepukhulu, yule uliyekuwa ukimbeba mabegani kwenda mtoni kule Kamukuywa. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tabora, pamoja na mke wako na watoto ambao sisi tunawajua kwa majina tu. Je, mguu wako ulioumia vitani unaendeleaje? Bado kazi ya reli inakuweka kwenye moshi, au wamekupandisha cheo ukapata kiti cha kukalia?

Sisi huku hatujambo. Mama Rispah bado ana nguvu za kugombana na kuku wake kutwa nzima. Mume wangu Mukhisa anaendelea na useremala, na watoto wetu wanakua kwa fujo. Baba magoti yanamsumbua wakati wa mvua, lakini macho yake ni makali kama zamani, na jambo hilo la macho nakuomba ulikumbuke, kwa sababu nitalirudia.

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu. Miaka yote tangu uondoke, salamu zako zimekuwa zikija kwa Mama kupitia watu wa treni, na jina la Baba halimo. Sikukulaumu. Nami sikuandika kwa sababu sikuwa na neno ambalo lingekurudisha nyumbani, na mimi sipendi kumchosha mtu kwa maneno yasiyofanya kazi. Sasa ninalo. Basi kaa vizuri, usome mpaka mwisho, wala usiikunje barua katikati kama ulivyokuwa ukifanya ukikasirika.

Kwanza habari njema. Mdogo wangu Sellah ameposwa. Ulimwacha akiwa mtoto wa kukimbiza panzi, leo ni msichana mrefu kuliko mimi, na ametulia kuliko mimi pia, jambo ambalo Mama hulisema mbele ya wageni. Kijana ni Wabwile wa Myanga, karani kwenye ghala la mahindi Bungoma. Nimemchunguza. Anaoga, anafanya kazi, na anamsikiliza mtu anayezungumza mpaka amalize. Wazee wao wameleta habari kwamba wanataka kuja kuzungumza mambo ya ng'ombe Jumamosi ya kwanza ya Oktoba.

Hapo ndipo shida ilipo. Baba amekataa kuwapokea. Si kwamba hampendi kijana, la. Amesema hataketi mbele ya wazee wa Myanga mpaka ndugu yake Jotham awe ameketi kando yake upande wa kulia. Ndiyo, Baba Mdogo, umesoma sawasawa. Baba mwenyewe ndiye aliyesema, kwa kinywa chake, mbele ya watu wengi, na leo ametoka Kamukuywa mpaka kwangu ili nikuandikie. Usipokuja, Sellah ataendelea kukaa nyumbani, na watu wa Myanga hawana subira ya milele. Nitakueleza kilichombadilisha, lakini lazima nianzie mbali kidogo.

Unaikumbuka Nyumba ya Nguo? Nakuuliza kwa utani tu, maana najua huwezi kuisahau. Ile sinema kuukuu ya Bwana Jivraj hapa Kitale, yenye simba wawili wa saruji mlangoni, mmoja hana pua. Sasa hivi ndiyo kanisa letu, au tuseme itakuwa, tukimaliza kuisafisha. Harusi ya Sellah itakuwa ya kwanza kufungwa humo ndani. Usicheke. Nami nilicheka kwanza, kisha nikachukua ufagio.

Nyumba hiyo imefanya kazi nyingi kuliko punda wa soko. Ulipokwenda vitani uliiacha bado ni sinema. Mwaka uliofuata viti vilitolewa, pakajazwa magunia ya mahindi na pareto mpaka darini. Kisha wakaletwa mateka wa Kitaliano kutengeneza paa, na mmoja wao, bila kuambiwa na mtu, akapaka dari yote rangi ya bluu na kuchora nyota. Watu walisema alikuwa amechoka kutazama mbao. Nyota zipo hadi leo, ingawa moshi na vumbi vimezifanya za kahawia.

Vita vilipokwisha Bwana Jivraj alirudisha sinema, safari hii zile zinazozungumza. Akaweka ubao mweupe ukutani, na sote tukakaa upande mmoja, sisi Waafrika kwenye mabenchi ya mbele kabisa tukivunjika shingo, Wazungu nyuma huko juu kwenye viti vyenye mito. Haikudumu. Watu wengine walijenga sinema mpya kwenye barabara ile nyingine, nzuri zaidi, yenye taa za rangi, na Wazungu wote wakahamia huko. Jivraj akauza, akaenda kuishi Kisumu kwa mwanawe. Aliyenunua ni Bashir, yule Msomali wa ngozi unayemjua, ambaye ndiye mwenye baraza ninaposhonea kwa cherehani yangu. Nyumba ikajaa ngozi za ng'ombe zilizopakwa chumvi. Kwa miaka kadhaa nimeshona magauni ya harusi nikiwa nimeziba pua kwa kitambaa.

Mwaka huu Bashir amehamishia ngozi zake karibu na machinjio, na wazee wa kanisa wakaenda kuzungumza naye. Wengine walinung'unika. Mzee mmoja alisema hawezi kumwomba Mungu mahali ambapo watu walibusiana ukutani. Bashir alikuwa amesimama pale akichezea tasbihi yake, akamwambia, "Mzee, hii nyumba imesikia bunduki ya sinema, imesikia nzi ya ngozi. Sasa ikisikia maombi, si ni afadhali?" Kisha Bashir akatuachia na mabenchi bure, na mkewe Khadijo akatuletea ubani wa kufukuza harufu. Watu wa msikitini kwake wakamtania kwamba sasa yeye ni shemasi, lakini yeye hucheka tu.

Haya, sasa turudi nyuma, kwa zile siku zenu wewe na Baba, kabla ya vita. Nayaeleza unayoyajua, lakini vumilia, maana nataka uyaone kwa jicho langu.

Nguo ya sinema ilitundikwa katikati ya ukumbi. Mbele yake walikaa Wazungu wa mashamba, Wahindi pembeni, na nyuma ya nguo, kwenye mabenchi ya mbao, ndiko mlikokaa ninyi. Mashine ilitupa picha kutoka kwao kuja kwenu, na picha haikupenya vizuri kama nguo ni kavu. Kwa hiyo Jivraj akamwajiri Baba kuilowesha nguo kwa maji, kwa lile bomba la kunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe, kabla ya sinema kuanza na kila mashine iliposimama kubadilishwa utepe. Wewe ulimchotea maji. Baba husema mpaka leo kwamba bila yeye hakuna Mwafrika ambaye angeona sinema Kitale, na kwa kweli sijui nani anaweza kumbishia.

Na mliyemwona nyuma ya ile nguo ni yule mpanda farasi ambaye watu wa Kitale walimwita Kofia Pana. Hakuwa na sauti, na yale maneno yaliyoandikwa katikati ya picha hayakusomeka na mtu yeyote, hata wale waliosoma misheni. Mlisema ni Kiamerika. Lakini matendo yake mliyajua yote. Kofia Pana alichomoa bastola kwa mkono wa kushoto. Alikula kwa kushoto, alimpiga jambazi ngumi kwa kushoto, na mchumba wake alimshika mkono kwa kushoto. Baba alikuwa akirudi Kamukuywa mwisho wa mwezi anaigiza yote hayo uani, na watu wa boma lote wanakusanyika.

Wewe unajua mimi nilizaliwaje. Kijiko, jiwe, jembe, kila kitu nilikipokea kwa mkono wa kushoto. Kukhu, mama yenu, aliona aibu sana. Alisema nani atampokea mwanamke anayepakua ugali kwa mkono huo. Akanifunga mkono kiunoni kwa kamba ya mgomba, nikashinda nao hivyo siku baada ya siku, nikamwaga uji, nikaanguka, nikachapwa kwa kumwaga. Nakumbuka ngozi ilivyochubuka. Nakumbuka pia kwamba niliona mkono wenyewe umenikosea, nikauchukia.

Baba akaja kutoka Kitale kwa baiskeli, akanikuta hivyo. Akachukua kisu akakata kamba. Kukhu akafoka, na Baba akamjibu mama yake, "Mayi, Kofia Pana anapiga majambazi na mkono hii hii. Anakula nayo. Anasalimia bibi yake nayo. Hakuna mtu anamfunga." Kukhu akauliza huyo Kofia Pana ni wa ukoo gani. Baba akasema ni wa ukoo mkubwa sana, wana farasi. Tangu siku ile hakuna aliyeugusa mkono wangu. Ndio unaoshika mkasi, na watu wanatoka hata Ndalu kuja kushonewa nao.

Kwa hiyo elewa, Baba Mdogo, kwamba uliporudi kutoka vitani, hukumgusa mtu wa kwenye picha tu.

Jioni ile nilikuwapo, mimi ndiye niliyekuwa nikimimina chai. Ulivaa lile koti lako la jeshi na nyumba ilijaa watu. Ulitueleza habari za vita huko Bama, mvua yake, na rafiki yako Wekoye wa Ndalu ambaye ulimzika mwenyewe kando ya mto. Wanawake walilia. Kisha, ili kuwachangamsha watu, ukasema huko kambini waliwaonyesha sinema, shuka imefungwa kati ya miti miwili, ninyi askari mmekaa mbele yake, na nani akatokea? Kofia Pana. Na kumbe, ukasema, yeye ni mtu wa mkono wa kulia kama watu wengine.

Baba alicheka kwanza. Kisha akaona hufanyi mzaha. Ukasema, "Kaka, niliona na macho yangu. Kulia." Akasema, "Ati nini? Mimi nimelowesha hiyo nguo miaka yote, na wewe ukichota maji. Si tuliona pamoja?" Ukasema tena kulia. Hapo akaniangalia mimi, akaangalia mkono wangu ulioshika birika, na mama yake alikuwa ameketi pale pale. Ndipo akasema lile neno baya. "Kama unaweza kudanganya juu ya Kofia Pana, nani atajua kama hiyo Bama yote si hadithi?"

Uliinuka na koti lako, ukatoka chai ikiwa bado moto. Nilikufuata mpaka kwenye ua, lakini hukugeuka. Nilikulilia wewe na nikamlilia Wekoye ambaye sikumjua. Lakini pia nilijua kwa nini Baba alisema vile, na sikuweza kumchukia.

Nakuambia na hili. Baadaye nilipoona sinema za kuzungumza, nikiwa nimekaa mbele, nikaona watu wote wanakula na kupiga kwa kulia. Nilinyamaza. Nilijiambia labda Kofia Pana alikuwa na mkono wake kama mimi nilivyo na wangu. Baba hakuziona sinema hizo, alikuwa amesharudi shambani, na Kofia Pana hakuonyeshwa tena. Nilimpenda mtu yule wa farasi ambaye nilimwona mara chache tu nikiwa nusu usingizi mapajani mwa Baba, na sikutaka kumpoteza.

Sasa sikiliza yaliyotokea mwezi uliopita.

Mukhisa ndiye aliyepewa kazi ya mbao kanisani. Alipopanda darini, juu ya nyota za yule Mtaliano, akakuta kitu kimeviringishwa ndani ya magunia. Ilikuwa ile nguo ya sinema. Panya wameila pembeni, lakini katikati ni nzima, na ile sehemu iliyowahi kuchanika bado ina nyuzi za Baba, zile za kushonea magunia, mishono mikubwa kama meno ya ng'ombe. Wazee wa kanisa wakaniambia niikate mapazia ya kwaya. Nilikuwa nimeshanoa mkasi. Ndipo Mwalimu Kemboi wa shule yetu akasema tungoje kidogo. Anayo taa ya picha aliyoazima misheni, ile yenye vioo vidogo vilivyochorwa habari za Biblia. Akasema tuitundike nguo kwanza tuwaonyeshe picha watu wote wanaofanya usafi, ili wafurahi.

Mukhisa akaitundika kwenye kulabu zake za zamani, katikati ya ukumbi, kwa sababu ndiko kulabu ziliko. Mimi nikatuma watu wamlete Baba na Mama. Walikuja juu ya lori la mahindi, Mama akilalamika njia nzima.

Baba aliingia, akavua kofia, akatazama nguo muda mrefu. Kisha akaomba ndoo. Nikamwambia si lazima, taa hii inaonyesha vizuri tu. Hakunisikiliza. Alichovya matawi ndani ya maji akainyunyizia nguo kutoka juu hadi chini, taratibu, kwa mpango, na watu wakaacha kazi wakamtazama. Ilikuwa mchana wa saa tisa. Tukafunga milango, ukumbi ukawa giza, watu wote wakakaa mbele kwenye mabenchi ya Bashir.

Baba hakukaa. Alizunguka nguo, akaenda nyuma, akaketi kwenye ubao uliokuwa sakafuni. Hakuna aliyemwambia aende huko, Baba Mdogo. Miguu yake ndiyo iliyompeleka. Niliumia sana kumwona. Nikaenda nikakaa naye.

Picha ya kwanza ilikuwa Daudi na kombeo lake, ameliinua juu, amekunja uso. Baba akanigonga goti, amefurahi mno. "Si unaona? Kushoto. Hata huyu."

Kutoka upande wa pili, sauti ya Mama ikapenya nguo. "Wepukhulu, usidanganye mtoto. Ni kulia."

"Kulia gani? Kombeo iko kushoto, bana."

"Iko kulia. Macho yako imeenda wapi?"

"Yangu iko hapa, inaona. Yako ndiyo imebaki kwa kuku."

Watu wakacheka mpaka Mwalimu Kemboi akaomba wasitikise meza ya taa. Unamjua Mama, hakubali kushindwa mbele ya kanisa. Akainuka, akaja kwa hasira kuzunguka nguo ili amshike Baba sikio amwonyeshe. Alipofika nyuma akasimama. Akatazama. Akasema polepole, "Hii picha imegeuka." Akarudi mbele. Akaja tena nyuma. "Imegeuka tena," akasema, na safari hii hakukuwa na hasira ndani ya sauti yake.

Nikaelewa. Baba naye akainuka, akishika bega langu kwa ajili ya magoti. Akazunguka nguo akaenda mbele, mahali ambapo hakuwahi kusimama akiwa na picha mbele yake, kwa sababu picha ikiwaka yeye alikuwa nyuma daima. Daudi alikuwa na kombeo mkono wa kulia. Baba akarudi nyuma: kushoto. Akaenda mbele: kulia. Mwalimu Kemboi alitaka kubadilisha kioo, Baba akamwinulia mkono amwache Daudi pale pale. Hakuna aliyecheka tena.

Mwisho akaketi kwenye benchi la mbele, katikati kabisa. Akasema, si kwa mtu yeyote, "Jotham alikaa mbele." Akasema tena, "Huko Bama walikaa mbele. Aliona kulia kwa sababu alikaa mbele." Kisha akafunika uso kwa kofia yake akalia, Baba Mdogo, mbele ya kanisa zima, mtu mzima yule. Alisema, "Niliita ndugu yangu mwongo. Na yule kijana wa Ndalu amelala huko kwenye mchanga, naye nikamfanya hadithi." Mama alimwekea mkono mgongoni, na hakumwambia kitu, na wewe unajua jinsi jambo hilo lilivyo geni kwa Mama.

Kwa hiyo hakuna aliyedanganya. Ninyi wawili mliona kweli tupu, kila mtu kutoka mahali alipowekwa. Nguo ndiyo iliyowagombanisha, na aliyeitundika vile wala hakufikiria mlio nyuma mtaona nini.

Sasa nakuambia jambo ambalo sijamwambia hata Mukhisa. Wakati Baba akilia, mimi niliogopa. Niliuficha mkono wangu nyuma ya gauni kama mtoto. Nilifikiri, basi Kofia Pana ni mtu wa kulia, na mimi nimeachiwa mkono huu kwa sababu ya kosa. Baba akaniona. Macho yake nimeshakuambia yalivyo. Akasema, "Leta mkono." Nikaleta. Akaushika kwa mikono yake yote miwili, akaupindua, akaangalia alama za mkasi.

Akaniambia, "Yule alikuwa wa kulia. Haidhuru. Unafikiri nilikata ile kamba sababu yake? Nilikata sababu ulikuwa unalia. Yeye nilimtafuta baadaye, nipate cha kumwambia mama yangu."

Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Nilicheka nikalia kwa pamoja, na kamasi juu. Tangu siku hiyo nashona nikiimba, na wateja wanadhani nimepata mimba.

Nguo sijaikata. Baba aliomba, wazee wakakubali, na hata wasingekubali mkasi ni wangu. Nimeifua, nimeipindia pembeni, na Mukhisa ameibandika kwenye ukuta wa mwisho nyuma ya meza ya mchungaji, imelala juu ya matofali. Mwalimu Kemboi atakuwa akionyesha picha zake pale Jumapili za mwisho wa mwezi. Haina nyuma tena. Kila atakayeingia atakaa mbele, awe mzee, mgeni au mtoto wa Bashir aliyekuja kuchungulia.

Basi Baba Mdogo, uje. Nimeshaulizia safari yote, usinipe sababu. Panda treni hadi Mwanza, kisha meli ya ziwani hadi Kisumu, na pale gatini atakuwapo Wabwile mwenyewe, huyo mchumba, amevaa shati la kijani nililomshonea. Nimemtuma makusudi ili umkague njiani mpaka Bungoma. Usimhurumie, muulize maswali. Njoo na mke wako na watoto ili na sisi tuwaone sura. Na ukipata nafasi ya kupita Ndalu, mama yake Wekoye bado yuko hai. Baba amesema mtakwenda kwake pamoja, ninyi wawili, ukamweleze tena habari za mwanawe, na yeye Baba atakaa hapo asikilize kila neno.

Salamu zako ziko hivi. Mama Rispah anakusalimu sana na anasema koti lako la mvua ulilosahau bado analo, ila kuku walilitumia kidogo. Sellah anakusalimu na ana haya ya kukuambia anachokitaka, kwa hiyo namsemea mimi: anataka uje. Mukhisa anakusalimu. Bashir anasema ulimwahidi kisu cha Bama na hajasahau. Nisalimie mkeo, na wabusu watoto wote kwa ajili yangu, hata yule ambaye simjui jina.

Mungu akulinde relini na majini, akuepushe na moto wa mashine na homa ya ziwani, akufikishe mlangoni kwetu na miguu yako yote miwili.

Ni mimi mwanao nikupendaye, niliyeandika haya yote kwa mkono wa kushoto,

Agneta.

Ngoja, usiifunge. Baba yuko hapa barazani tangu asubuhi, amenishikia karatasi isipeperuke wakati naandika. Sasa anaiomba kalamu. Anajifunza kusoma na kuandika na wazee wenzake kanisani, na amekataa nimshike mkono. Yanayofuata ni yake.

JOTHAM NDUGU YANGU. NI KULIA. NJOO.